Makopa si Unga wa Mkate

Mwezi wa saba mwaka jana nilinunua makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, soko la Mbuyuni, hapa Moshi, nikayapeleka mashineni, nikarudi na unga mweupe wa kujisifia. Jumamosi nikauchanganya nusu kwa nusu na wa ngano, nikatia hamira, nikasubiri. Donge lilivimba kidogo, likakata tamaa. Mkate ulitoka mgumu kama tofali, unanuka udaga, ile harufu ya muhogo uliochachushwa, watoto wakauliza kama ni wa kuku. Mke wangu, Mchagga wa Kibosho, hakusema kitu. Alianza kumenya ndizi.

Nililaumu muhogo. Siku hizi nalaumu makopa, na zaidi najilaumu mimi na wenzangu tunaodhani unga wa mkate unapatikana kwa njia ileile ya unga wa ugali.

Makopa huanikwa vipande vizima kwa siku kadhaa, na wingu likitanda yanachacha. Kwenye ugali uchachu huo ni ladha. Wapo watu wa Kanda ya Ziwa ambao bila huo wanaona hawajala. Kwenye mkate ni balaa. Mwezi wa pili nilikwenda msibani Muheza, nikawakuta akina mama wana mashine ya kukunia. Muhogo mtamu uling'olewa alfajiri, ukamenywa, ukaoshwa, ukakunwa, ukajazwa kwenye salfeti na kubanwa kwa jeki mpaka maji yakaisha. Yale machicha wakayachambua kwa mikono, wakayatandaza membamba juu ya kichanja. Jioni yalikuwa yanavunjika vidoleni. Nikanusa: hakuna harufu yoyote.

Kukuna si suala la harufu tu. Muhogo ukipasuliwa namna ile, sumu ya sianidi iliyofungika ndani inaachiwa, sehemu inatoka na maji, nyingine inapotea hewani. Anayetaka kuruka hatua akumbuke Tarime mwaka 1985: ukame uliwabana watu wakafupisha utayarishaji wa muhogo mchungu, na ugonjwa uitwao konzo ukawapooza miguu.

Sasa, nasikia watu mjini wakisema tulete mihogo kwa lori tuisindikie hapa. Siafiki. Mzizi ukishang'olewa, ndani ya siku mbili tatu unaanza kuwa na mistari ya bluu na nyeusi. Kilo nne za mizizi zinatoa takriban kilo moja ya unga, kwa hiyo nauli kubwa unailipia maji na maganda. Na Julai ya Moshi tunaijua, mlima umejifunika, nguo hazikauki, sembuse machicha! Mashine zikae Muheza na Handeni, kwenye muhogo wenyewe. Sisi tuletewe unga.

Tena tusiwe na tamaa ya nusu kwa nusu. Ngano ina gluteni, ule mnato unaovutika na kushika hewa ya hamira, muhogo hauna. Nigeria mwaka 2005 serikali iliwataka wasaga ngano wachanganye asilimia 10 ya unga wa muhogo, na mimi naona hicho ni kiwango cha mtu mwenye akili. Ni kidogo, lakini kwa nchi inayoagiza ngano nyingi kutoka nje, licha ya mashamba ya Basotu na West Kilimanjaro, si haba.

Kilo moja ya unga wa Muheza nilimpa mama mmoja wa Pasua anayeoka mikate ya kuuza. Aliuchanganya na kilo tisa za ngano, akaongeza maji kidogo, akauza asubuhi kama kawaida bila kumwambia mtu. Hakuna mteja aliyeuliza. Wiki iliyofuata akajaribu mbili kwa nane, mkate ukawa mfupi, akarudi kwenye moja.

"Baba Neema," akaniambia, "ukinipatia huu usionuka, nachukua gunia kila mwezi. Ila makopa usiniletee."

Nimepita Mbuyuni na Kiboriloni kuuliza. Wote wana makopa.