Kapumzike kwanza, tutakupigia

Juzi kwenye kikao cha harusi, mjumbe mmoja mwenye kampuni yake alilalamika kwamba sheria za kazi za Tanzania zinambana. Ukimwajiri mtu, alisema, umemuoa. Kumwacha ni kesi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi iliniuma, maana naishi na vijana wa viwandani na sijaona hata mmoja anayeogopwa na bosi kiasi hicho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni nzuri, nitaitetea popote. Inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kuthibitisha hayo ni juu yake. Ila kinga hiyo haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Nia naielewa: mwajiri apate muda wa kumpima mtu. Kinachonikera ni jinsi muda huo wa kupimana ulivyogeuzwa panga.

Unapewa mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha, "kapumzike kwanza, tutakupigia." Wiki kadhaa baadaye unaitwa, unasaini mwingine wa miezi mitatu wenye tarehe mpya, kana kwamba hujawahi kukanyaga pale. Dada mmoja jirani yangu anafunga maboksi kwenye kiwanda kimoja hapa Dar. Mikataba yake ameitunza kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, mwaka wa nne huu, na kila mmoja unamtambulisha kuwa mfanyakazi mpya. Wanaoletwa kweli wapya anawafundisha yeye.

Na sheria iliuona ujanja huu mapema. Inazungumzia miezi sita kwa mwajiri yuleyule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Inasema pia kwamba kutomhuishia mtu mkataba, wakati alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia utahuishwa, kunahesabika kuwa kumwachisha kazi. Lakini mgogoro wa kuachishwa unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na siku hizo ndizo zinazoliwa na "tutakupigia". Nani atamshtaki bosi ambaye simu yake anaisubiri? Anakaa kimya, anachaji simu kwa jirani umeme ukikatika, anaogopa hata kubadilisha laini. Simu isipokuja, muda umeshapita.

Halafu tunashangaa mtaa hausogei. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mkataba ni wa miezi mitatu. Benki haimkopeshi. Michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ina mapengo. Kiinua mgongo, ambacho kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, kinadai miezi 12 ya kazi mfululizo, na hayo mapumziko ndiyo yanayoukata mfululizo. Mashine ikimkwangua kidole anafunga kitambaa na kuendelea, kwa sababu mwenye jeraha haitwi tena. Akishika mimba anaificha chini ya dera mpaka mkataba uishe. Zile siku 84 za likizo ya uzazi anazisikia redioni.

Nakubali, mwenye saluni yenye wasichana watatu hana mwanasheria, na wito mmoja wa CMA unaweza kumfungia biashara kwa wiki nzima. Arahisishiwe utaratibu. Na wapo wafanyakazi wezi, hilo nalo nalijua. Ila mwenye saluni siye anayezungusha mamia ya watu kwa miezi mitatu mitatu.

Maofisa kazi wakienda viwandani, wasiridhike na faili la mikataba wanalowekewa mezani, maana siku zote liko sawa. Waombe orodha za malipo za miaka mitatu walinganishe majina. Jina linalojirudia mwaka hadi mwaka ni la mwajiriwa, apewe likizo, apewe uzazi, apewe kiinua mgongo kama wenzake wa ofisini. Na zile siku 30 zianze kuhesabiwa siku alipoambiwa waziwazi, kwa maandishi, kwamba hataitwa tena.