Taa Inanikonyeza Alfajiri

Kwenye muundi wa mguu wangu wa kulia kuna jeraha la umbo la mwezi mchanga, ambalo mke wangu amelipaka mafuta ya nazi kwa siku nne mfululizo bila kuniuliza nililipata wapi, kwa sababu alikuwa dirishani akinitazama wakati ninalipata. Nilipigwa na kiki ya pikipiki yangu mpya, asubuhi moja ya mwezi wa Julai hapa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako katika mwezi huo kunawa uso ni adhabu na kuoga ni ushujaa. Nilikuwa nimeipiga kiki hiyo mara 42. Idadi ninaikumbuka kwa sababu mimi ni mwalimu wa hisabati na huhesabu kila kitu, hata mambo yasiyokuwa na faida yoyote kuyahesabu.

Asije mtu akadhani kwamba mimi ni mgeni katika kuhangaika na pikipiki. Kwa miaka tisa nilimiliki pikipiki ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini, niliyoinunua Dar es Salaam kwa kijana wa bodaboda aliyestaafu kwa shinikizo la mama mkwe wake. Ile pikipiki iliugua mara nyingi, lakini iliugua magonjwa ya wazi kama mafua. Ikikataa kuwaka, nilikuwa ninalegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, ninakinga petroli kwenye kifuniko cha chupa, kisha ninatazama kama kuna tone la maji linalotembea chini ya mafuta kama shanga. Ikilala usiku ikivuja, nilijua kwamba sindano ya boya haizibi vizuri, nami nililigonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, ikatii. Ikikubali kuwaka kwa choki tu, ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi, na kuzima mara choki inaporudishwa, hiyo ni jeti ndogo, yaani kipande chenye tundu la kupitishia petroli, imeziba. Ninaitoa, ninaipuliza kwa mdomo, ninaielekeza kwenye jua, na nikiona nukta ya mwanga upande wa pili ninafurahi kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi. Ladha ya petroli ilidumu mdomoni hadi kipindi cha nne, lakini ilikuwa ladha ya ushindi.

Ninakiri kwamba mara ya kwanza nilipoipandisha huku kutoka pwani ilinitia aibu. Mlimani ilikohoa, plagi ikawa nyeusi kama kitako cha chungu, na mafuta ikayanywa kama mtu aliyetoka kwenye harusi ya kwao. Mwalimu mwenzangu wa fizikia, ambaye hawezi kuombwa chumvi bila kueleza asili yake, alinifafanulia kwamba kabureta haina akili ya kupima. Hewa inapita kwenye koo jembamba, mgandamizo unapungua hapo, petroli inafyonzwa kupitia tundu la jeti, na basi. Njombe mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, lakini tundu la jeti ni lile lile lililotobolewa kiwandani. Kwa hiyo mafuta yanazidi hewa, kama vile ugali unaosongwa na mtu aliyepunguza unga akasahau kupunguza maji. Injini ya petroli, alisema, inataka gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Fundi wetu wa stendi, ambaye hajawahi kuisikia namba hiyo, alibadilisha jeti kubwa akaweka yenye tundu dogo zaidi, akageuza skrubu ya hewa robo duara huku akiwa ameinamisha sikio kama anayesikiliza umbea, na mambo yakaisha. Nililipa kwa fedha kidogo na soda moja.

Sasa mtu mwenye maisha mazuri namna hiyo aliyaachia kwa sababu gani? Aliyaachia kwa sababu ya muuzaji mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyenieleza kwamba pikipiki ya injeksheni, yaani ile inayonyunyiziwa petroli kwa umeme badala ya kabureta, haina choki, haina jeti, haijali mlima wala bonde, inajipimia hewa yenyewe kwa sensa na kompyuta ndogo, na inatumia mafuta kidogo. Yote hayo ni kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Laiti angalinidanganya, ningalikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilipochunguza baadaye nikakuta kwamba India, zinakotengenezwa nyingi ya pikipiki zetu, ilianza kutumia kanuni zake kali za moshi zinazoitwa BS6 tarehe 1 Aprili 2020, na viwanda vingi vikalazimika kuiacha kabureta kwenye pikipiki za soko la kwao. Kwa hiyo mageuzi yaliyokuja kunivunja muundi yalianza rasmi Siku ya Wajinga. Huku kwetu za kabureta bado zinauzwa tele, na hakuna sheria iliyonishurutisha. Nilikwenda kwa miguu yangu miwili, ambayo wakati huo ilikuwa mizima.

Ile ya zamani nilimuuzia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Hilo lilikuwa kosa la pili, kwa sababu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi hupita mbele ya nyumba yangu akiwa juu yake.

Asubuhi ya jeraha, mambo yalianza hivi. Siku zote ninapowasha swichi, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na pampu iliyozamishwa ndani ya tenki hulia zzziiii kwa sekunde mbili hivi, kisha vyote viwili hunyamaza, nami ninabonyeza selfu na kuondoka kama waziri. Siku hiyo taa ilikuwa imefifia, na pampu ikasema zzi, kama mbu aliyepigwa kofi katikati ya wimbo. Mtu mwenye busara angaliishia hapo. Mimi, mwanafunzi wa kabureta, nilijiambia kwamba betri ikichoka, kiki ipo. Sikutambua kwamba kwenye kabureta petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake, hata betri ukiitoa ukaigeuza kigoda, ilhali kwenye injeksheni petroli husukumwa na pampu ya umeme kwa mgandamizo wa takriban baa 3, ambao ni mkubwa kuliko upepo wa tairi langu la mbele. Pampu isipolia hakuna mafuta, na pasipo mafuta unaweza kupiga kiki hadi ukapewa uraia wa nchi nyingine kwa umbali uliosafiri. Nilipofika kiki ya 42, ilirudi kwa hasira.

Shemeji alipita wakati nimekaa chini nimeushika mguu. Alisimama, akaivuta choki ambayo haikuhitajika kuvutwa, akaguruma mara mbili.

"Shikamoo, shemeji. Imegoma?"

"Marahaba. Haijagoma, inapasha moto."

"Panda basi nikusogeze shuleni, wakati yenyewe inaendelea kupasha."

Nilipanda. Nilibebwa kwenye pikipiki yangu mwenyewe ya zamani kama mzigo wa viazi, huku nikimsikia akiieleza sifa zake ambazo nilimfundisha mimi.

Jioni nilimwita fundi wa stendi. Aliizunguka pikipiki mara moja, akachuchumaa, akaingiza kidole chini ya tenki, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, kabureta ya hii wameiweka wapi?"

"Haina kabureta, fundi."

"Haina kwa namna ilivyoundwa, au wamekuuzia bila?"

Nilimweleza habari za nozeli inayonyunyizia petroli, sensa na kompyuta. Alisikiliza kwa adabu, kisha akafanya alichokuwa amepanga kufanya kabla sijafungua mdomo: alichomoa kila soketi ya waya aliyoweza kuifikia, akaipuliza, akairudisha. Mtu aliyelelewa na kabureta huamini kwamba hakuna ugonjwa usiopona kwa kupulizwa. Baada ya hapo akaleta betri ya pikipiki nyingine, akaziungia waya zangu. Pampu ililia vizuri kabisa, zzziiii, moyo wangu ukapaa. Selfu ikazungusha injini kwa nguvu, lakini injini haikuwaka hata kwa kukohoa. Na hapo ndipo taa ya injini ilipoanza kukonyeza. Fundi aliitazama taa, akatazama saa, akakumbuka kwamba ana mgonjwa mwingine hospitalini.

Kitabu cha pikipiki kinasema kwamba kompyuta ikigundua hitilafu huitaja kwa kukonyeza taa, na kila idadi ina maana yake. Nikafurahi sana. Hatimaye mashine imekuja kwenye uwanja wangu, kwa maana kuhesabu ndiyo kazi inayonipa mshahara. Alfajiri iliyofuata niliwasha swichi, na kwa kuwa betri ilikuwa dhaifu na taa imefifia, mke wangu alileta kanga tukaifunika dashibodi na kujifunika na sisi, vichwa vinne ndani ya giza moja: mimi, mama, binti yetu wa darasa la nne na mdogo wake ambaye bado ananyonya kidole.

Ikakonyeza. Nikatangaza: tatu. Mke wangu akasema ni sita, kwa sababu aliunganisha duru ya kwanza na ya pili. Mdogo akasema mia. Nikawanyamazisha wote kwa sauti ya darasani, nikafungua kitabu kwa mwanga wa simu, nikakuta kwamba katika jedwali lao namba tatu haipo. Niliikagua ile orodha kwa kidole mara mbili, nikaanza kuwalaumu waliochapa kitabu.

"Baba," binti akasema kutoka chini ya kanga, "ile ya kwanza inakaa muda mrefu. Zile mbili ndiyo fupi."

Nikamwambia kwamba konyezo ni konyezo. Akanyoosha mkono akageuza ukurasa nyuma mara moja, akasoma polepole picha iliyokuwa imechorwa hapo: mkonyezo mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Makumi na mamoja. Thamani ya nafasi, ambayo ninaidai kwa ukali kwenye mitihani ya watu wengine, ilikuwa imenikonyeza usoni nikaiita tatu. Mke wangu alitoka kwenye kanga haraka, akaenda kucheka jikoni.

Kumi na mbili kwenye kitabu chetu ni waya wa nozeli. Nilipomulika chini ya tenki, niliikuta soketi ya nozeli imening'inia kama soksi iliyoanikwa, haijashikana na chochote, ikingali na alama ya kidole chenye grisi cha fundi wetu. Kwa maneno mengine, muda wote ule kompyuta haikuwa ikinieleza ugonjwa wa kwanza. Ilikuwa ikimshitaki fundi. Niliisukuma ikalia tak, taa ikaacha kukonyeza. Nikabonyeza selfu. Zzi, ikasema pampu.

Shemeji akapita. Nikapanda nyuma bila kuambiwa.

Aliyenitoa kwenye aibu hiyo ni yule mwalimu wa fizikia, aliyekuja Jumamosi na mita ya umeme na maneno mengi. Aligusisha ncha za mita kwenye nguzo zenyewe za betri, ikasoma volti 12.5. Akaniambia niwashe swichi, akahamisha ncha moja kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kichwa cha waya kilichofungwa juu ya nguzo hiyo hiyo, umbali usiozidi upana wa ukucha, ikasoma 9. Volti tatu na nusu zilikuwa zinapotelea njiani kabla hazijaanza safari. Tulipolegeza nati tukakuta unga mweupe unaokaribia kuwa wa kijani, umejaa kati ya vyuma viwili kama unga kwenye nyufa za kinu. Taa ya mbele inaweza kuvumilia umaskini wa namna hiyo, ikafifia tu, pampu haiwezi, na kompyuta ambayo gharama yake ni ya kutisha haikuwa na mkonyezo wowote wa kusema, "Mwalimu, kaza nati."

Mke wangu alitoa magadi ya kupikia maharage, tukayakoroga kwenye maji ya moto, tukasugulia kwa mswaki mzee, povu likachemka, tukasuuza, tukakausha, tukakaza, tukapaka grisi juu yake. Zzziiii. Iliwaka kabla sijamaliza kubonyeza. Mwalimu wa fizikia alikunywa chai vikombe vitatu akieleza kemia ya magadi, nami nilimwacha aeleze.

Jumatatu nilitoka mapema, nimevaa koti, bila choki, bila kiki, pikipiki inapanda mlima kwa sauti nyororo isiyokuwa na habari ya mita 2,000. Baada ya kona ya tatu nikamkuta shemeji amesimama kando ya barabara, koki ya mafuta imefungwa, ameshika plagi iliyolowa. Alikuwa ameishiwa mafuta akaongeza petroli ya chupa iliyouzwa kibandani. Nilimwambia atafute kifuniko cha chupa. Angeweza kufanya mwenyewe, nilimfundisha, lakini nilikuwa nimeshapiga magoti. Nililegeza skrubu ya bakuli, nikakinga, na pale chini ya petroli likapita tone la maji, duara, linang'aa, linakwenda huku na huku kama shanga. Nililitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikaitoa jeti ndogo ingawa haikuwa imeziba, nikaipuliza, nikaielekeza kwenye jua.

Nilifika shuleni kipindi cha kwanza kimekwisha. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni, akavuta hewa puani, akarudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu, pikipiki tena?"

"Ndiyo, mkuu."

"Hiyo mpya?"

"Hapana, mkuu. Ile niliyoiuza."