Bastola ya Risasi Mbili: Inabebeka, Haitumiki

Shemeji yangu amenunua derringer, bastola ndogo ya mfukoni yenye mitutu miwili. Ningenyamaza, maana pesa ni zake na mfuko ni wake, ila alipoiweka mezani mbele yangu alitamka maneno ambayo yameninyima raha wiki nzima: "Shem, hii ndiyo ya kubeba. Unaitia mfukoni, unasahau kama unayo."

Unasahau kama unayo! Tangu lini kusahau kwamba umebeba bastola kukawa sifa? Leso husahaulika mfukoni. Risiti husahaulika mpaka zinafuliwa pamoja na suruali. Kitu kinachoweza kuua mtu hakipaswi kusahaulika, na ukikisahau hustahili kukibeba. Lakini hilo tuliache, kwa sababu hata nikimsamehe hilo, bado chombo chenyewe hakimfai.

Najua inavyovutia, msinifanye mchawi. Ile yake ni ya chuma cha pua kilichong'arishwa, mitutu miwili imelaliana mmoja juu ya mwingine, mpini wa mbao. Ukiishika unajiona mcheza kamari wa kwenye meli za Mississippi, karata moja imefichwa ndani ya mkono wa koti. Umbo hilo ni lile lile la derringer ya kampuni ya Remington, waliyoitengeneza kuanzia 1866 hadi 1935, zaidi ya bastola 150,000. Na enzi hizo ilikuwa na akili. Mtu aliyetaka silaha ya kuingia kwenye kizibao hakuwa na mengi ya kuchagua, kwa hiyo alivumilia risasi ya .41 (yaani upana wa inchi 0.41 hivi) iliyokwenda polepole, kama mita 130 kwa sekunde. Risasi ya milimita 9 ya leo huzidi mita 300. Babu yule alikuwa na sababu. Wewe wa leo unayo gani?

Atakwambia udogo. Haya, tupime udogo.

Derringer za siku hizi za chuma, zenye mitutu ya inchi 3, huzidi nusu kilo. Ruger LCP iliyotoka 2008 ina gramu kama 270, urefu wake karibu sawa na wa derringer, na inabeba risasi 6 kwenye magazini na moja kwenye chemba. Rivolva ndogo ya Smith & Wesson, ile 642, haifiki gramu 450 na ina risasi 5 za .38. SIG P365 ya 2018 ina takriban nusu kilo ikiwa tupu, na magazini yake ya kawaida ni ya risasi 10. Kwa hiyo shemeji anabeba uzito wa sufuria zima halafu anapakuliwa vijiko viwili.

Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba risasi mbili zinatosha, kwa sababu mambo haya huisha haraka. Nikaona kumbe watu wote wanabishana na derringer mahali pasipo penyewe. Kila mtu anapigia kelele idadi ya risasi. Mimi risasi mbili ningezikubali kwa shingo upande kama ningekuwa na hakika kwamba mtu ataweza kuzifyatua. Tatizo langu liko hapo kwenye kufyatua.

Twende naye pole pole. Umeitoa mfukoni. Kwanza itabidi uikoki, kwa sababu nyundo lazima ivutwe kwa kidole gumba. Derringer nyingi za mtindo huu hazijikoki zenyewe ukivuta triga. Mpini ni mfupi, vidole viwili tu ndivyo vinashika, kidole cha mwisho kinaning'inia hakina kazi. Sasa kidole gumba ndicho kilichokuwa kinaibana bastola mkononi, na ndicho kinachotakiwa kiache kubana kikavute nyundo yenye springi ngumu. Kwa hiyo unailegeza silaha sekunde ile ile unayoihitaji zaidi. Ukishakoki, unashika upya. Kisha triga. Triga ya derringer ni kijiti kifupi, mara nyingi hakina hata kikingio, na ni kizito. Tena hakivutwi moja kwa moja kuja nyuma kama ulivyozoea kwenye bastola nyingine. Kinataka kuvutwa kwa kushuka chini. Ukivuta kwa mazoea, mdomo wa bastola unainama na risasi inakwenda kuchimba udongo. Tuseme umeweza. Imelia, imekupiga teke kiganjani, imeruka juu kwa sababu ya vile vidole viwili. Sasa rudia yote: legeza, koki, shika, vuta kwa kushuka. Na hiyo ndiyo risasi yako ya mwisho.

Mtu mtulivu, mwenye mkono wa chuma na mazoezi ya miaka, ataifanya kazi hiyo vizuri. Lakini mtu huyo hanunui derringer! Mtu huyo ana bastola tatu nzuri na derringer ameiweka kabatini kwa ajili ya kutazama. Anayeuziwa hii kitu kama "rahisi, haina mambo mengi" ni mtu kama shemeji, au mama mzee ambaye vidole vyake haviwezi kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma kuingiza risasi, ya bastola ya kawaida. Yaani aliyeshindwa na springi moja tunampelekea mbili. Hapo ndipo damu inaponichemka, na samahani kama napaza sauti.

Tulikwenda uwanja wa shabaha. Nilimpa vikinga masikio na miwani, karatasi nikaiweka mita tano tu, umbali wa upande mmoja wa sebule hadi mwingine. Bastola yake inakula .45 Colt. Risasi ya kwanza ikatoboa ukingo wa chini wa karatasi. Ya pili hatujui ilikokwenda mpaka leo. Akatikisa mkono kama mtu aliyeshika sufuria la moto, akacheka kicheko kile cha mtu ambaye hajafurahi. Nikapiga mimi mbili. Zote ziliingia kwenye karatasi, nakiri kwa majivuno kidogo, lakini kati ya tundu na tundu pangeingia mkono wangu uliokunjuliwa. Hilo si kosa langu peke yangu. Mitutu miwili iliyobebana haielekei kuweka risasi sehemu moja, na viono vyenyewe vya kulengea ni kama kipele cha mbele na mfereji wa nyuma.

Kuna wanaosema basi tia ganda la .410, la marisau, huwezi kukosa. Jamani. Ganda hilo lina urefu wa inchi 2.5, na linakaa ndani ya mtutu wa inchi 3. Imebaki nusu inchi ya kusukuma. Halafu mtutu una mifereji, inayazungusha yale marisau yanatawanyika kabla hata hayajafika popote. Kwa nyoka aliye mguuni, sawa. Kwa nyoka nakubali kabisa.

Kujaza upya sisemi chochote; unaifungua mitutu kwenye bawaba yake na kuchomoa maganda kwa kucha.

Na kuanguka je? Zile za zamani, pamoja na nyingine za bei ya chini zilizoiga za zamani, nyundo ikilala inakaa juu ya pini, na pini inagusa fataki ya risasi. Ikidondoka vibaya inalia. Za sasa zilizotengenezwa kwa uangalifu nyundo hujirudisha nyuma na zina kitufe cha usalama, kwa hiyo hapo nafunga mdomo. Pia nitawapa hili: derringer haikwami. Haina slaidi wala magazini, risasi moja ikigoma mtutu wa pili haujali. Ni mashine nyoofu, na fundi aliyeitengeneza ya shemeji aliipenda kazi yake; inafunga kwa mlio mtamu.

Mtumiaji wa bastola hizi anayejulikana kuliko wote ni John Wilkes Booth, aliyempiga risasi Rais Lincoln wa Marekani usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 katika Ford's Theatre. Yake ilikuwa ya Henry Deringer mwenyewe wa Philadelphia, herufi "r" moja katikati. "R" ya pili ilikuja na jina la bastola za walioiga. Risasi moja tu, ya kushindilia kutoka mdomoni. Alimsogelea mtu aliyekaa, aliyempa mgongo, akafyatua karibu kabisa. Kisha akaitupa, kwa sababu Meja Rathbone, aliyekuwa pamoja na Lincoln, alikuwa anamjia na bastola ilikuwa imekwisha kuwa kipande cha chuma. Akachomoa kisu. Ndiyo, alikuja na kisu. Hata yeye, aliyepanga kila kitu, aliyechagua saa na mahali, hakuiamini peke yake.

Shemeji nilimsimulia hilo tukirudi kwenye gari. Alinyamaza muda mrefu, bastola iko kwenye kisanduku chake mapajani, anafungua na kufunga kifuniko. Halafu akauliza, "Ile rivolva yako ndogo, ya risasi tano, uliinunua mpya?"

Boksi lilikuwa na risasi 50. Tumetumia nne. Kuanzia jana usiku ananitumia ujumbe akitaka nizinunue 46 zilizobaki, na mimi sina bastola ya .45 Colt.