Ruksa ilitangulia, uhuru ukafuata

Barazani Ngamiani, Tanga, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, na mzee mmoja aliyekata mkonge ujanani hataki kulegeza neno: "Ruksa ilinipa shati, mwanangu. Kazi haikunipa." Kijana wa bodaboda aliyeketi pembeni hakubali. "Babu, bila ruksa hii pikipiki ningeiona kwenye kalenda tu."

Wanabishana kuhusu uliberali bila kuutaja. Itikadi hii, yenye mizizi Ulaya ya karne ya 17, imebeba mizigo miwili: uhuru wa mtu mbele ya mtawala, na uhuru wa bidhaa sokoni. Kwetu Tanzania wa pili ulitangulia. Rais Mwinyi alilegeza biashara katikati ya miaka ya 1980, na huko kulegeza ndiko watu walikokuita ruksa. Vyama vingi vikaja 1992.

Mzee ana hoja, ila si yote. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, kisha zao likaporomoka. Wapenzi wa soko huria hulaumu utaifishaji wa 1967. Wanasahau kwamba bei ilikuwa imeshaanza kushuka, na kamba za plastiki ndizo zilizoendelea kuubana mkonge. Huyo muuaji alitoka sokoni humo humo.

Mimi nashindwa kuutupa uliberali kwa sababu ya Tume ya Nyalali, tume ya serikali iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali kuchunguza kama nchi ibaki na chama kimoja. Mwaka 1991 ilizunguka kuuliza wananchi. Takriban wanane kati ya kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, wale wawili nao wapate pa kusemea. Sijui mfano mzuri zaidi wa itikadi hii: wachache wasimezwe na wengi. Wakosoaji huuliza, na swali ni zito, nani aliwapa wasomi kuwaamulia wanane? John Stuart Mill mwenyewe, mwanafalsafa Mwingereza wa uliberali, mwaka 1859 alitetea uhuru wa mtu kisha akasema hauwahusu wale aliowaona hawajastaarabika. Baadaye watetezi wa chama kimoja walitumia lugha hiyo hiyo: bado hatujakomaa.

Mwaka 1989 msomi wa Marekani Francis Fukuyama aliandika kama vile mashindano ya itikadi yamekwisha. Mwaka 2014 Viktor Orbán, wakati huo waziri mkuu wa Hungaria aliyechaguliwa kwa kura, alitangaza hadharani kuwa anajenga dola isiyo ya kiliberali. Soko silihofii, China imeonyesha linanenepa hata bila vyama vingi. Nahofia ule mzigo mwingine. Pale barazani bei ya mkonge hujadiliwa kwa sauti kubwa. Mazungumzo yakigeukia uchaguzi, mzee hutazama kwanza nani kaketi.