Milimita 35 za majuto

Muuzaji aliniambia nivue viatu. "Kanyaga mwenyewe usikie," akasema. Nikakanyaga, na hapo ndipo nilipopotea. Kapeti ya nyasi bandia yenye nyuzi za urefu wa milimita 10 iliniparuza kama mkeka mkuukuu. Ya 25 ilikuwa afadhali. Ya 35 ilinibembeleza nyayo, na kijani chake kilichochanganyika na nyuzi kavukavu za hudhurungi kilinikumbusha Limuru baada ya mvua. Nikalipa bei ya juu kuliko zote, nikiamini cha ghali ndicho bora. Nilisahau kwamba sikuwa nimekuja kununua kitu cha kukanyaga. Nilitaka pahali pa kufanyia mazoezi ya kusukuma mpira wa gofu shimoni, nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 3.

Jumapili iliyofuata alikuja kedi mmoja, mtu mzima ambaye amenibebea mfuko miaka mingi. Aliinama, akazipapasa zile nyuzi, kisha akasema kwa upole: "Mkubwa, hapa hata ng'ombe anashiba."

Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67, au zaidi kidogo, na uzito wake hauruhusiwi kupita gramu 45.93. Uweke juu ya nyuzi za milimita 35 zisizo na kitu kati yake, nao unazama. Ukiusukuma, haubingiriki, unalima. Kila uzi unaolala unauvutia upande wake, na mpira unapokaribia shimo na kupungua kasi ndipo unapoyumba zaidi, yaani pale pale unapohitaji unyooke. Kwenye grini halisi za mashindano, yaani pale penye shimo, nyasi hukatwa hadi kimo cha milimita 3 hivi. Hebu linganisha na zangu.

Nadhani macho yetu watu wa nyanda za juu ndiyo yanayotuponza. Tumekulia juu ya nyasi za Kikuyu, nene, zinazotambaa na kufunika kila kitu. Nyasi hiyo ni mwenyeji wa huku kwetu, na imesafiri hadi uwanja wa Riviera kule Los Angeles, ambako inaumeza mpira na kuwatesa wachezaji wa kulipwa. Ni nyasi ya kulishia, ya kupigia picha, hata ya kulalia. Ila kwenye grini ni magugu.

Basi msimamo wangu ni huu: kama hutaki shughuli ya kujaza mchanga kati ya nyuzi, chukua milimita 10 hadi 15 na usizisikilize nyayo zako.

Lakini namba peke yake nayo ni mtego. Ile kapeti nyembamba ya kutandika kwenye roshani za maghorofa imeandikwa milimita 10 vilevile, na mpira juu yake unadundadunda kwa sababu mistari ya nyuzi iko mbalimbali. Kinachobeba mpira ni wingi wa nyuzi. Urefu unakuja baadaye. Ikunje kapeti kwa nje, utazame kwenye mkunjo. Ukiuona mgongo wake mweusi waziwazi, irudishe. Halafu bonyeza kwa kidole gumba uhesabu hadi kumi. Nailoni husimama tena upesi, ndiyo maana bei yake inauma. Polipropilini ya bei nafuu hubaki imelala, na baada ya miezi michache utakuwa na njia ya mpira iliyochongeka kama ya mbuzi. Nyuzi zilizojikunjakunja huushinda uzi ulionyooka, kwa sababu hazielekei upande mmoja. Zilizonyooka hukupa kasi moja ukisukuma kwenda na nyingine ukisukuma kurudi. Na jambo dogo ambalo hakuna anayekuzuia kulifanya: nenda dukani na fimbo yako na mpira mmoja. Watakutazama. Wacha wakutazame.

Kuna wanaopenda nyuzi ndefu, na sitawaita wajinga, mradi wajue wanachokinunua. Kapeti ya milimita 30 na zaidi inaweza kuwa grini nzuri ikijazwa mchanga wa silika tabaka baada ya tabaka, ikipigwa brashi kila mara, hadi zibaki ncha tu zinazochungulia. Hapo mpira unabingirika juu ya mchanga, na nyuzi kazi yake ni kuushika mchanga usihame. Faida yake inaonekana ukipiga mpira wa juu kutoka mbali kidogo: mchanga unaupokea, unatua na kutulia, ilhali kapeti fupi iliyotandikwa juu ya saruji inaurusha hadi kwa jirani. Mwenye nafasi ya kupiga mipira ya namna hiyo ana sababu. Mimi nina mita sita na ukuta.

Pesa nilizozimwaga kwenye ulaini zingefaa kwenda chini. Kwangu ni udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi hadi mkono unaingia kwenye ufa. Safari ya pili fundi alichimba, akautoa, akaweka mawe, kokoto, kisha vumbi la mawe lililoshindiliwa, na mteremko mdogo ili maji yasituame. Kapeti fupi haifichi kitu: kijiwe kimoja chini yake utakiona kwenye mwendo wa mpira.

Kuhusu kasi, kuna kifaa alichokibuni Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935: siku hizi ni reli ya alumini yenye urefu wa sentimita 91 hivi, inayoinuliwa polepole hadi mpira uteremke wenyewe, kisha unapima umbali uliokwenda. Mimi nimejitengenezea changu kwa kipande cha alumini chenye umbo la V, na tofali la kukiegemeza kila mara kwa pembe ile ile. Hakifai kujigamba nacho, lakini kinanipa kipimo. Wenzangu wanataka grini ya nyumbani iwe na kasi kama ya uwanja wa mashindano wiki ya Kenya Open. Ya nini? Uwanja ninaochezea Jumamosi grini zake ni za polepole, hivyo nimeinyunyizia kapeti yangu mpya ya milimita 13 mchanga kidogo na kuusugua kwa brashi hadi mwendo wake ukakaribia wa huko.

Ile ya 35 sikuitupa. Nimeikata mkanda wa nusu mita kuzunguka grini, na hapo, naapa, inafaa kabisa: mpira uliozidi nguvu unaingia humo na kukwama. Kipande kilichobaki kiko barazani. Mbwa hajakiacha tangu siku hiyo.