Bonde la Calder: Je, Jengo la Kale Lijilipie Lenyewe?

Katika bonde la mto Calder, kaskazini mwa Uingereza, ni wachache leo wanaotaka majengo ya kale yabomolewe. Mabishano yamehamia kwenye gharama: nani alipe, na anayelipa apewe haki gani juu ya jengo ambalo kila mkazi wa pale analiita lake.

Mfano unaobeba mabishano hayo vizuri zaidi ni Piece Hall ya mjini Halifax, soko la vitambaa lililofunguliwa tarehe 1 Januari 1779. Vyumba vyake 315 vinazunguka uwanja wa wazi pande zote nne, na kwa kuwa lilijengwa kwenye mteremko, upande mmoja lina ghorofa mbili na upande mwingine tatu, ilhali paa limekwenda sawa. Wafumaji waliofanya kazi majumbani mwao, juu vilimani, walileta majora yao ya sufu hapa, na kengele ndiyo iliyoruhusu biashara ianze. Hawakufaidi muda mrefu. Viwanda vya mashine vilivyoota kando ya mto viliwapokonya wanunuzi, na kufikia mwaka 1871 jengo lilikuwa limegeuzwa soko la jumla la matunda na mboga, kazi iliyoendelea kwa takriban miaka mia moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilinusurika kubomolewa. Ukarabati mkubwa uliogharimu kiasi cha pauni milioni 19 ulikamilika mwaka 2017, na sasa vyumba vile vina maduka, migahawa na baa, huku matamasha ya muziki yakifanyika uwanjani majira ya joto.

Wanaounga mkono mpango huu wana hoja nzito. Jengo lilizaliwa sokoni, kwa hiyo kulirudishia wauzaji na wanunuzi ni kulirudishia kazi yake ya asili, na paa la mawe lenye ukubwa ule halirekebishwi kwa sifa tupu. Wanaweza pia kuelekeza kidole ng'ambo kidogo, kwenye Dean Clough, kiwanda cha mazulia cha akina Crossley ambacho wakati wake kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, majengo yake yangeweza kabisa kuachwa yaoze. Yamepona kwa sababu yalipangishwa ofisi, kumbi za sanaa na jumba la maigizo.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Siku za kawaida kuingia Piece Hall ni bure, lakini siku ya tamasha uwanja ni wa mwenye tiketi, na mkazi ambaye kodi yake ilichangia ukarabati hujikuta akisikiliza muziki kutoka nje ya ukuta. Wanahofia pia kwamba kodi ya pango huchagua wapangaji: anayemudu ni muuzaji wa bidhaa za watalii, si fundi wa viatu. Hofu hii ya pili naiona ina uzito zaidi kuliko ya kwanza, maana tamasha huisha usiku uleule, lakini mpangaji hukaa miaka.

Bonde lenyewe, hata hivyo, linaonyesha kwamba biashara si njia pekee. Kule Heptonstall, kijiji kilicho juu ya mji wa Hebden Bridge, dhoruba ya mwaka 1847 iliharibu kanisa la kale. Waumini walijenga jipya katika uwanja uleule wa makaburi na kuliacha la zamani lisimame bila paa, na hadi leo makanisa mawili yanatazamana, moja likisaliwa na moja likiwa gofu. Mnara wa Stoodley Pike, wenye urefu wa mita 37 hivi juu ya mlima, ulijengwa kwa michango ya watu kuadhimisha kushindwa kwa Napoleon, ukaporomoka mwaka 1854, na watu wakachangishana tena. Ukasimama upya mwaka 1856. Hauna duka wala mkata tiketi. Mgeni hupanda ngazi ya kuzunguka, yenye giza totoro kiasi cha kupapasa ukuta, akatokea roshani inayotazama bonde zima. Lakini tusijidanganye: mnara mmoja na gofu haviwezi kulinganishwa kwa gharama na jengo la vyumba mia tatu.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno, nalo ni historia inayosimuliwa ndani ya kuta hizo. Todmorden, mji wa juu bondeni, ulitajirika kwa pamba, na mwenye viwanda wake mashuhuri, mbunge John Fielden, ana sanamu mjini hapo kwa kupigania sheria ya mwaka 1847 iliyoweka kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana viwandani. Heshima hiyo aliistahili. Ila sehemu kubwa ya pamba iliyolisha viwanda vya eneo hilo enzi zile ilivunwa na watumwa huko Marekani, ambao hapakuwa na sheria ya kuwahesabia saa. Mnara usiotoza kiingilio unaweza kunyamazia habari kama hiyo sawa na ukumbi wenye baa.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa matumizi, kwa masharti mawili. Idadi ya siku ambazo uwanja wa umma unafungwa kwa wasio na tiketi iwekewe kikomo kinachojulikana mapema, na vyumba kadhaa vya Piece Hall vitengwe kwa kodi nafuu kwa wanaofuma, kushona na kutengeneza vitu kwa mikono. Pengo la mapato litakuwepo, na halmashauri italazimika kuwaambia wakazi waziwazi ni pauni ngapi wanazotoa ili vyumba hivyo visiende kwa mpangaji mwenye fedha zaidi.