Mamluki hajisajili mwenyewe

Mechi za kikapu za vyuo hapa Dar huanza na kumalizika kwa adabu kubwa. Wachezaji wanagongeana mikono, manahodha wanakumbatiana katikati ya uwanja, picha ya pamoja inapigwa na usiku huohuo iko Instagram na maneno ya upendo. Lakini kaa jukwaani karibu na watu wanaoujua mchezo huu uone wanavyokuhesabia: yule namba nane alimaliza chuo mwaka juzi, yule mrefu yuko klabu ya ligi ya mkoa na darasa la chuo hicho hajawahi kulikanyaga, yule mwingine ni mdogo wake kocha. Wanakueleza bila hata kushusha sauti, na anayesikia hashtuki.

Kwa hiyo hotuba za nidhamu hazinigusi sana siku hizi. Kila mashindano yakifunguliwa mgeni rasmi anawaasa vijana waheshimu waamuzi, wasipigane, wayakubali matokeo. Ni maneno mazuri, ila yanahusu dakika 40 tu za mchezo. Mimi nataka kujua yaliyotokea kabla ya filimbi: mtu asiye mwanafunzi alivaaje jezi ya chuo, na kati ya wenzake kumi na mmoja, ni nani aliyefungua mdomo?

Lawama tumezoea kuzipeleka juu. Tutamtaja waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, mlezi wa michezo, kocha. Wote wana sehemu yao na siwatetei. Ila mchezaji wa chuo si mtoto wa UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, anayeingia uwanjani kwa sababu mwalimu kamwambia ingia. Huyu ni mtu mwenye kadi ya mpiga kura. Wengi wao wamesaini mkataba na Bodi ya Mikopo wa kulipa mamilioni kwa miaka mingi ijayo. Kama tunamwona mtu mzima anapochukua bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, basi tumwone mtu mzima na anapovaa jezi.

Tena mamluki, yaani mchezaji wa kuazima asiye mwanafunzi wa chuo, hajisajili mwenyewe. Kuna aliyempigia simu, kuna aliyempa jezi, kuna aliyemwambia jina la kulitaja akiulizwa. Mara nyingi aliyepiga simu ni mchezaji mwenyewe, wala si kiongozi, kwa sababu ndiye anayejua nani yuko fiti wiki hiyo. Dar ni jiji la mamilioni ya watu lakini kikapu chake ni cha watu wanaojuana. Jioni wanakutana Don Bosco Upanga, au pale JMK Park Kidongo Chekundu, wanagawana timu na kucheza mpaka giza liingie. Wanajua nani anasoma wapi, nani alidisko akaondolewa chuo kwa kufeli, nani anauza simu Kariakoo. Katika soka mchezaji anaweza kukwambia hakujua kuwa beki mpya wa timu yake si mwanafunzi. Kwenye kikapu hakuna kutojua. Mko kumi na wawili, mnakaa benchi moja, mnakunywa maji ya chupa moja.

Kanuni nazo haziko kimya kama watu wanavyodhani. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, angalau dakika 10 kabla ya mchezo kuanza kocha anathibitisha majina na namba za wachezaji wake na kuweka saini kwenye karatasi ya matokeo. Saini hiyo inasema hawa ndio watu wangu. Upande wa pili, nahodha anayeona timu yake imeonewa ana haki ya kukata rufaa: anamweleza mwamuzi mkuu kabla hazijapita dakika 15 tangu mchezo uishe, kisha anasaini mahali palipotengwa kwenye karatasi hiyohiyo. Mlango upo, una kitasa na ufunguo.

Mbona hautumiki? Mchezaji mmoja nilimuuliza hivyo tukiwa tunasubiri daladala baada ya mechi waliyofungwa na timu iliyokuwa na watu wawili wa aina hiyo. Akacheka. "Braza, na sisi si tunaye wetu? Tukianza hayo tutaharibiana."

Ugonjwa mzima uko hapo kwenye kuharibiana. Vyuo vimewekeana mkataba wa kunyamaziana, na nahodha anayefumba macho anaonekana ndiye muungwana. Atakayekata rufaa ataitwa mnoko, mtu asiyejua kushindwa, na jioni atakapokwenda Upanga kucheza atakuta hakuna anayemchagua. Uanamichezo umegeuzwa kuwa heshima ya kutofichuliana. Kisha haohao walionyamazia jina la uongo kwenye karatasi wanamvamia refa kwa sababu kapiga filimbi ya hatua, kosa la kutembea na mpira bila kuudundisha. Refa ambaye posho yake ikikatwa nauli hakibaki cha maana, na anayeweza kujikuta kwenye daladala moja na timu aliyoipulizia.

Kuhusu hasira za uwanjani, niseme wazi kwamba nina uvumilivu nazo kuliko wengi. Kijana akimfokea mwamuzi apewe faulo ya kiufundi, wapinzani wapige mtupo wao mmoja, mchezo uendelee. Akifikisha faulo tano akae. Mchezo wenyewe umejengwa ukijua kwamba watu watakosea, ukapanga bei ya kila kosa, na bei inalipwa palepale mbele ya watu. Aliyekaa benchi na faulo zake tano hadaiwi kitu. Jina la uongo kwenye karatasi ni jambo jingine, kwa sababu lengo lake ni kwamba bei isilipwe kabisa.

Wanaopenda kikapu cha Marekani watakumbuka mfano unaozitenganisha hizi mbili vizuri. Fainali ya vyuo ya 1993, Michigan wanacheza na North Carolina. Zimebaki sekunde 11, Michigan wako nyuma kwa pointi 2, na Chris Webber, kijana wa miaka 20, anaomba taimauti, yaani mchezo usimame kidogo timu ijipange, wakati timu yake haina tena taimauti. Faulo ya kiufundi, na mchezo ukaishia 77–71. Lilikuwa kosa la wazi, mbele ya nchi nzima, na baada ya mchezo akakaa mbele ya waandishi akalibeba. Leo ukimkumbusha mtu tukio lile anamwonea huruma, hamdharau. Lakini baadaye ilikuja kubainika kwamba alikuwa amepokea fedha kwa mtu aliyekuwa karibu na timu, jambo ambalo mchezaji wa chuo hakuruhusiwa. Mwaka 2002 chuo chenyewe kilifuta matokeo ya timu ile na kuzishusha bendera za nusu fainali za 1992 na 1993. Kikajinyima pia kucheza mashindano ya mwisho wa msimu wa 2002–03.

Hebu fikiria hilo la mwisho. Wachezaji waliokosa mashindano mwaka 2003 walikuwa watoto wa shule ya msingi wakati fedha zile zinatolewa.

Na sisi tuko hukohuko. Mashindano yakiamua kuwa makali, adhabu inashushwa kwa chuo: mnafungiwa msimu ujao. Lakini chuo kina kumbukumbu fupi. Shahada nyingi ni miaka mitatu. Aliyemleta mamluki akiwa mwaka wa tatu, adhabu inapofika yeye ameshavaa joho na yuko mtaani anatafuta kazi, na kitanzi kinavaa shingo ya mwaka wa kwanza aliyetoka Mwanza au Mbeya akiwa na raba zake mpya. Huyo ndiye atakayejifunza kwamba ukweli hauna faida. Adhabu imfuate mtu. Kocha aliyesaini asisaini tena kwenye mashindano ya vyuo kwa muda utakaotajwa, nahodha aliyejua asivae jezi ya chuo chochote, na mamluki, ambaye karibu kila mara ana klabu, klabu yake ipelekewe barua. Chuo kinyang'anywe ushindi, basi. Waliobaki wacheze.

Kuna mtu tunayemsahau katika kesi hizi, kwa sababu tunadhani aliyeibiwa ni timu pinzani tu. Timu pinzani ina mamluki wake, haijambo. Aliyeibiwa hasa ni mchezaji wa kumi na tatu wa timu ileile, aliyekuja mazoezini muhula mzima saa kumi na mbili asubuhi kabla ya vipindi, akabeba mipira, akalipa nauli kutoka Mbagala au Gongo la Mboto, halafu siku ya mashindano akaambiwa jezi zimeisha. Jezi hazikuisha. Amepewa mtu aliyekuja na begi lake na atakayeondoka nalo kabla maji hayajakauka mgongoni. Huyu wa kumi na tatu hapigi kelele. Mwaka wa pili humwoni tena uwanjani, na mwaka wa tatu chuo kinalalamika kwamba hakina wachezaji.

Naam, "hatuna wachezaji". Hiki ndicho kisingizio ninachokisikia kuliko vyote na ndicho chepesi kuliko vyote. Kuanza mchezo unahitaji watu watano. Wakianza kutolewa kwa faulo na benchi likakauka unaendelea na wanne, watatu, hata wawili. Mchezo unasimamishwa pale tu unapobaki na mmoja, na hata hapo unapata pointi yako 1 ya msimamo. Ndiyo, aliyefungwa kwenye kikapu anapata pointi. Mshindi anachukua 2, aliyeshindwa 1. Anayepata sifuri ni asiyetokea au aliyegoma kucheza, na huyo anaandikiwa amefungwa 20–0. Waliotunga kanuni hizi walimlipa anayekubali kuja na alichonacho. Sisi tunaona aibu kufungwa pointi 40 na watu wetu halali, lakini hatuoni aibu kushinda na watu wa kuazima.

Kwa upande wa wasichana kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu vyuo vingi vinawapa mabaki: muda wa uwanja uliobaki, jezi zilizobaki, fedha ya nauli iliyobaki. Ukiwa na wachezaji sita na mmoja ana malaria, simu ya kumwita rafiki wa Don Bosco iko karibu sana na mkono. Nawaelewa. Lakini nimeshaona timu ya wasichana ya chuo kimoja cha mjini ikimaliza robo ya nne na watu wanne, wamefungwa vibaya, na kocha wao akiendelea kuwapangia ulinzi kana kwamba mchezo uko sare. Sijui ni timu ngapi za wanaume zingekubali hilo.

Lipo kundi ambalo nadhani tunalionea. Ni yule mchezaji wa klabu aliyejiunga na kozi ya cheti au stashahada, analipa ada, anafanya majaribio, anapata sapu, mtihani wa marudio, kama wengine. Huyo ni mwanafunzi hata kama anawadunkia watoto wa mwaka wa kwanza kila wiki. Wanaomwita mamluki wanaonea gere kipaji. Aliyemaliza mitihani ya mwisho lakini bado hajafanya mahafali, huyo mashindano yaandike wazi yupo au hayupo, na kura yangu ni kwamba hayupo.

Na kwa vijana warefu wanaoambiwa kila siku habari za Hasheem Thabeet: ni kweli alisoma Makongo hapahapa, akaenda Marekani, akachezea University of Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika drafti nzima ya NBA, yaani ugawaji wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya huko. Simulizi hiyo hutolewa ikiwa imekatwa katikati. Connecticut hakuvaa jezi kwa kuazimwa wikendi. Alikuwa mwanafunzi wao, kwenye mfumo ambao mtu asiyesoma hachezi. Anayewaita mkacheze kwa jina la mtu mwingine huku akiwaahidi kwamba "maskauti watakuwepo" awaeleze kwanza hao maskauti wataandika jina la nani.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha wala kamati. Kabla kocha hajasaini, timu zote mbili zisimame mbele ya meza na vitambulisho mkononi. Nahodha wa timu moja asome kwa sauti orodha ya timu nyingine, jina, chuo na mwaka wa masomo, mbele ya jukwaa, na mwenye jina aitike mwenyewe. Vipaza sauti vya kupigia muziki vipo tayari, vitumike. Jukwaa linawajua wote, kama nilivyosema, na sioni kijana wa Dar atakayeitika jina la mtu mwingine mbele ya watu aliocheza nao Upanga juzi Jumapili. Kazi yote inakula dakika tano, na mechi zetu zote huchelewa zaidi ya hapo kwa kumsubiri mgeni rasmi. Kocha atakayesema hili linawadhalilisha wachezaji wake apewe kalamu asaini kwanza, halafu ndipo tumsikilize.